Nukta Sita na Haki ya Kusoma: Mtoto Asiyeona wa Tarime na Serengeti

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini Musoma, ikaamua kwamba kila mtoto aliyefikia umri wa kwenda shule apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Uamuzi huo, uliokuja kujulikana kwa jina la Azimio la Musoma, ulibadili sura ya vijiji vya nchi nzima. Madarasa yalijengwa kwa nguvu za wananchi, walimu wakafundishwa wakiwa kazini, na watoto ambao wazazi wao hawakupata kushika kalamu wakaandikishwa kwa wingi usiopata kuonekana kabla ya hapo. Neno zito kuliko yote katika azimio lile lilikuwa neno dogo: neno "kila".

Imepita nusu karne tangu siku hizo. Shule zimeongezeka, na tangu Januari 2016 elimu katika shule za umma, kuanzia ya awali hadi kidato cha nne, hutolewa bila ada. Hata hivyo, katika mkoa uleule wa Mara ulioshuhudia azimio hilo, mtoto asiyeona wa kijiji cha Tarime au cha Serengeti bado ana safari ndefu kuliko wenzake kati ya kuandikishwa shule na kusoma. Anaweza kuwa na dawati, sare na jina katika rejista, lakini asiwe na kitabu hata kimoja ambacho vidole vyake vinaweza kukisoma.

Hoja inayotetewa hapa ni nyepesi kuielewa, ingawa kuitekeleza kunataka bidii. Mtoto asiyeona hajasomeshwa mpaka afundishwe maandishi ya nukta nundu tangu darasa la kwanza, na mpaka apewe vitabu vilevile wanavyovitumia wenzake, kwa wakati uleule. Pasipo mambo hayo mawili, shule humhifadhi mtoto mchana kutwa na kumrudisha nyumbani jioni akiwa hajui kusoma.

KUSIKIA NA KUSOMA

Wapo wanaosema kwamba mtoto asiyeona amejaliwa masikio mepesi, basi asomewe na wenzake, naye akariri. Siku hizi hoja hiyo imepata nguvu mpya kwa sababu ya simu na kompyuta zinazotamka maandishi kwa sauti. Programu ya NVDA, kwa mfano, iliyoanza kutengenezwa mwaka 2006 na Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, hutolewa bure kwa mtu yeyote mwenye kompyuta. Vyombo vya namna hiyo ni vya thamani kubwa, na hakuna sababu ya kuvikataa. Kosa ni kudhani kwamba vinaweza kuchukua nafasi ya maandishi.

Mfano wa karibu unatosha kulionyesha kosa hilo. Baadhi ya lugha za Mara, Kikuria ikiwa mojawapo, hazitenganishi sauti za r na l kama Kiswahili kinavyozitenganisha. Mtoto wa Nyamwaga anaweza kuingia darasani akisema "kura" pale panapotakiwa "kula". Kama anaona, baada ya muda wa kuyasoma maneno hayo ubaoni na kitabuni, jicho hulisahihisha sikio. Mtoto asiyeona naye anahitaji kitu cha kulisahihisha sikio lake, na kitu hicho ni kidole. Katika nukta nundu herufi l huandikwa kwa nukta ya 1, ya 2 na ya 3. Herufi r huandikwa kwa nukta hizohizo tatu pamoja na ya 5. Tofauti kati ya "mahali" na "mahari" ni nukta moja. Ni nukta ndogo, lakini katika nchi ambako mahari hutolewa kwa ng'ombe hakuna mtu atakayesema kwamba maneno hayo mawili yana maana moja. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa sauti peke yake atalichukua kosa hilo mpaka kwenye insha ya kidato cha nne, na ataadhibiwa kwa jambo ambalo hakupata kufundishwa.

Tena, yako mambo ambayo sauti haiyabebi vizuri. Mwalimu akisema "mbili mara a jumlisha b", msikilizaji hajui kama maana yake ni 2a + b au 2(a + b). Msomaji hujua mara moja, kwa sababu mabano yako mbele yake na anaweza kuyarudia. Aya, alama za vituo, majedwali, mpangilio wa hatua za hesabu, vyote hivyo ni vitu vya ukurasa. Anayesoma huweza kusimama, kurudi nyuma, kulinganisha mstari na mstari, na kujisahihisha pasipo kumsumbua mtu. Huko ndiko kujitegemea katika elimu, na mtoto asiyeona anakuhitaji kuliko mtu mwingine yeyote.

NUKTA SITA ZINAVYOFANYA KAZI

Maandishi ya nukta nundu yalibuniwa na kijana wa shule. Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray nchini Ufaransa, baba yake akiwa fundi wa hatamu na matandiko ya farasi. Akiwa na umri wa miaka 3 alijidunga jicho kwa chombo chenye ncha katika karakana ya baba yake. Jicho likaoza, ugonjwa ukaingia la pili, naye akapofuka kabisa. Mwaka 1819 alipelekwa katika shule ya vijana wasioona mjini Paris. Huko alikutana na mfumo wa nukta 12 uliotungwa na Charles Barbier, ambaye alikuwa amewahi kuwa askari. Mfumo huo ulikuwa mzito, kwa kuwa kidole hakikuweza kuipata alama moja kwa mguso mmoja. Braille aliupunguza. Alipofika umri wa miaka 15, mwaka 1824, alikuwa amekwisha kuupata mpango wa nukta 6, na mwaka 1829 akauchapisha. Alifariki mwaka 1852. Ufaransa ikaukubali rasmi mfumo wake mwaka 1854.

Mpango wenyewe ni mwepesi. Kila herufi hukaa katika kichumba kimoja chenye nafasi 6, tatu upande wa kushoto na tatu upande wa kulia. Zile za kushoto huhesabiwa kutoka juu kwenda chini 1, 2, 3. Za kulia 4, 5, 6. Kwa kuwa kila nafasi ina hali mbili, yaani kuinuliwa au kutoinuliwa, idadi ya mipangilio ni 2 × 2 × 2 × 2 × 2 × 2, ambayo ni 64. Ukiondoa kichumba kitupu zinabaki alama 63, na hizo zinatosha herufi, vituo, tarakimu na alama za hesabu. Mwanafunzi wa hisabati atatambua hapa kanuni ileile inayotawala kompyuta.

Herufi kumi za kwanza, a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu. Kumi zinazofuata, k hadi t, ni zilezile za kwanza zikiongezewa nukta ya 3: a ni nukta ya 1, k ni ya 1 na ya 3. Herufi u, v, x, y na z huongezewa nukta ya 3 na ya 6. Herufi w iko peke yake nje ya utaratibu, kwa sababu Kifaransa cha wakati ule hakikuihitaji. Tarakimu hutumia herufi a hadi j zikitanguliwa na alama ya namba. Mwanafunzi wa sekondari mwenye macho anaweza kuyakariri haya yote kwa juma moja, na Kiswahili kina bahati, kwa kuwa huandikwa karibu kama kinavyotamkwa.

Kuandika hufanywa kwa njia mbili. Ya kwanza ni ubao wenye vichumba pamoja na kalamu ya ncha butu ya chuma. Mwandishi hudunga karatasi kutoka nyuma, kwa hiyo huandika kutoka kulia kwenda kushoto na kila herufi huigeuza. Anapoigeuza karatasi, husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Ya pili ni mashine yenye vibonyezo sita, kimoja kwa kila nukta, pamoja na kibonyezo cha nafasi. Mashine inayojulikana zaidi, ya Perkins, ilibuniwa na David Abraham na kuanza kutolewa kiwandani mwaka 1951. Ina uzito wa karibu kilo 5 na haihitaji umeme, jambo lenye maana kubwa katika shule ya kijijini.

KIDOLE NA UBONGO

Vipimo vya nukta nundu vinakubaliana na maumbile ya mwanadamu. Nukta moja huinuka kiasi cha nusu milimita. Kutoka nukta hadi nukta ndani ya kichumba ni kama milimita 2.5, kutoka kichumba hadi kichumba ni kama milimita 6. Ncha ya kidole cha shahada huweza kutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa milimita 1 hadi 2 tu, kwa sababu ngozi ya hapo ina neva nyingi za mguso. Mgongoni umbali huo hufikia milimita 40 au zaidi. Darasa la biolojia linaweza kulithibitisha jambo hili kwa njiti mbili za kiberiti na rula: mwenye kujaribiwa afumbe macho, aguswe kwa njiti zote mbili kwa pamoja, aseme kama anasikia moja au mbili. Wanafunzi watajionea wenyewe kwa nini maandishi ya wasioona yamewekwa kwenye ncha ya kidole.

Jambo la ajabu zaidi linatokea ndani ya kichwa. Mwaka 1996 Norihiro Sadato na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu waliopofuka tangu utotoni. Walionyesha kwamba watu hao wanaposoma nukta nundu, sehemu ya ubongo iliyo kisogoni, ambayo kwa mtu anayeona hushughulikia habari za macho, huamka na kufanya kazi. Ubongo wa mtoto haukubali sehemu yake ikae bure. Huigawia kazi ya vidole. Lakini ugawaji huo unataka mazoezi, na mazoezi yanataka kuanza mapema. Mtoto anayeanza kusoma kwa vidole akiwa na miaka 6 hujenga wepesi ambao anayeanza akiwa na miaka 15 huupata kwa taabu. Msomaji hodari husoma maneno yapatayo 100 kwa dakika. Kwa hiyo kuchelewesha nukta nundu mpaka mtoto "azoee shule kwanza" ni kumnyima miaka yenye rutuba kuliko yote.

NI MTOTO GANI ANAYEHITAJI NUKTA NUNDU?

Si kila mtoto mwenye matatizo ya macho anayehitaji nukta nundu, na mwalimu yampasa kuwa mwangalifu. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, asiyeona ni yule ambaye jicho lake lililo bora, hata baada ya kupewa miwani, haliwezi kufikia 3/60. Yaani kile anachokitambua akiwa mita 3, mwenye macho mazima hukitambua akiwa mita 60. Aliye kati ya kipimo hicho na 6/18 ana uoni hafifu. Mwenye uoni hafifu aghalabu husoma maandishi ya kawaida yakikuzwa, akiwa na lenzi, mwanga mzuri na kiti cha mbele. Watoto wengi wenye ualbino wamo katika kundi hili. Kumfundisha mtoto kama huyo nukta nundu, kisha akawa anazisoma kwa macho akiwa ameinamia karatasi, ni kumchosha bila faida.

Kabla ya hayo yote mtoto apelekwe hospitali. Allen Foster na Alfred Sommer, waliochunguza watoto wenye vidonda vya konea nchini Tanzania na kuchapisha matokeo yao mwaka 1987, walizitaja surua, upungufu wa vitamini A na dawa za macho za kienyeji miongoni mwa sababu kubwa za upofu wa watoto. Chanjo ya surua na matone ya vitamini A vimeokoa macho mengi tangu wakati ule. Mtoto wa jicho anaweza kuondolewa kwa upasuaji, na kwa mtoto mchanga kila mwezi unaopita una hasara yake. Mzazi anayeficha mtoto kwa aibu, au anayempeleka kwa mganga wa kumtilia majani machoni, anaweza kuupoteza uoni ambao ungaliweza kuokolewa. Baada ya hospitali kusema kwamba yaliyowezekana yamefanyika, ndipo kazi ya shule inapoanza, na haifai kungoja.

KITABU KINACHOFIKA MTIHANI UMEPITA

Hata mtoto aliyefundishwa vizuri hukwama akikosa kitabu. Inafaa kufanya hesabu ili ugumu wenyewe uonekane. Ukurasa mmoja wa nukta nundu, wenye upana na urefu wa kama sentimita 28 kwa 29, una mistari 25 ya vichumba 40, yaani alama 1,000 zisizozidi. Kitabu cha kawaida chenye kurasa 150, kila ukurasa ukiwa na herufi na nafasi 2,000, kina alama 300,000. Kwa hiyo kitahitaji kurasa 300 za nukta nundu kwa uchache, kabla ya kuhesabu alama za herufi kubwa, alama za namba na mistari isiyojaa. Karatasi yenyewe lazima iwe nene ili nukta zisibonyee. Ikiwa ni ya gramu 150 kwa mita ya mraba, na ikiandikwa upande mmoja, kitabu hicho kimoja kitakuwa na uzito wa zaidi ya kilo 3 na nusu. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza ana masomo mengi. Hakuna mwalimu awezaye kuvinakili vitabu vyote hivyo kwa mkono, na ingekuwa ni uonevu kumtaka afanye hivyo.

Dawa ya ugumu huu inajulikana. Kitabu cha kiada siku hizi huandikwa kwa kompyuta kabla hakijafika kiwandani. Nakala hiyohiyo ya kompyuta, ikipangwa vizuri, huweza kupelekwa kwenye mtambo wa kuchapa nukta nundu, ambao hudunga karatasi pande zote mbili kwa dakika chache. Kazi kubwa iliyobaki ni ya mhariri anayejua nukta nundu, ambaye hurekebisha majedwali na kueleza picha kwa maneno. Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo yenye dhamana ya vitabu vya kiada, inazo nakala za kompyuta za vitabu vyake. Kwa hiyo kanuni inayopendekezwa hapa inaweza kuandikwa kwa mstari mmoja: kitabu cha kiada kisihesabiwe kuwa kimekamilika mpaka nakala yake ya nukta nundu na ile ya maandishi makubwa ziwe tayari kuchapwa.

Kanuni hiyo ina uzito zaidi katika miaka hii. Mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 katika baadhi ya madarasa na unaendelea kupanda darasa kwa darasa. Kila mtaala unapobadilika, vitabu vya zamani vya nukta nundu hupitwa na wakati kwa siku moja, navyo vilikuwa vimepatikana kwa taabu. Kama vitabu vipya vya wanaoona vitatangulia na vya wasioona vikafuata nyuma miaka miwili au mitatu, kundi zima la wanafunzi litamaliza shule bila kuvigusa. Kila mwanafunzi hupita darasa la tano mara moja tu.

Upande wa sheria njia imekwisha kusafishwa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma sawa na wenzake. Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa tarehe 27 Juni 2013 na kuanza kutumika tarehe 30 Septemba 2016, unaruhusu taasisi zilizoidhinishwa kutengeneza nakala za vitabu kwa ajili ya wasioona pasipo kungoja kibali cha mwenye hakimiliki, na kubadilishana nakala hizo kati ya nchi na nchi. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Uganda mwaka 2018 na Tanzania mwaka 2020. Kwa watu wa Tarime, ambao mpaka wa Sirari uko mlangoni mwao, jambo hili si la mbali. Kenya imekuwa na shule ya wasioona huko Thika tangu mwaka 1946, na ng'ambo ya mpaka iko ya Kibos karibu na Kisumu. Riwaya, kamusi na vitabu vya sarufi vya Kiswahili vilivyokwisha kuwekwa katika nukta nundu upande mmoja wa mpaka havina sababu ya kutungwa upya upande wa pili.

HISABATI NA SAYANSI ZISIFUNGIWE MLANGO

Kwa muda mrefu wanafunzi wengi wasioona wamekuwa wakielekezwa kwenye masomo ya sanaa. Sababu inayotolewa ni kwamba hisabati na sayansi zinataka macho. Historia ya sayansi yenyewe haiungi mkono maneno hayo. Nicholas Saunderson, aliyepofushwa na ndui akiwa na umri wa mwaka mmoja, alikuwa profesa wa hisabati wa Cambridge tangu mwaka 1711, katika kiti kilichowahi kukaliwa na Newton. Lev Pontryagin wa Urusi alipofuka akiwa na miaka 14, akawa mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 20. Geerat Vermeij, mzaliwa wa Uholanzi aliyepofuka akiwa mtoto mdogo, amekuwa mtaalamu mashuhuri wa makombe ya baharini, ambayo huyachunguza kwa vidole vyake. Abraham Nemeth, mwanahisabati asiyeona wa Marekani, alitunga alama za nukta nundu za hisabati ambazo zimetumika huko tangu miaka ya 1950.

Kinachokosekana mara nyingi ni vifaa, navyo vingi vinaweza kutengenezwa shuleni. Bao la kete ni mfano mzuri. Mwalimu akichukua mashimo sita ya bao, safu mbili za matatu matatu, amepata kichumba kikubwa cha nukta nundu. Kete zikawa nukta, na mtoto wa darasa la kwanza akajifunza herufi kama anayecheza. Mchoro wa kijiometri unaweza kuchorwa kwa uzi wa katani uliobandikwa kwa gundi kwenye karatasi ngumu. Ramani ya mkoa inaweza kutengenezwa kwa namna hiyohiyo: kamba kwa Mto Mara, mchanga kwa Ziwa Victoria, mbegu za maharage kwa miji ya Tarime, Mugumu, Bunda na Musoma. Wanafunzi wa kidato cha pili wanaotengeneza ramani kama hiyo kwa ajili ya mwenzao asiyeona hujifunza jiografia wao wenyewe vizuri kuliko kwa kunakili ubaoni.

LIFANYIKE NINI TARIME NA SERENGETI?

Elimu ya wasioona nchini Tanzania ilianzia Buigiri, Dodoma, mwaka 1950, kwa juhudi za Kanisa la Anglikana. Shule nyingine zikafuata, kama Furaha ya Tabora na Irente ya Lushoto. Zote hizo ni za bweni, nazo zimetoa watu wengi wenye manufaa kwa taifa. Lakini kwa mtoto wa Mara ziko mbali. Julius Nyerere alikuwa na umri wa miaka 12 alipoondoka Butiama mwaka 1934 kwenda kusoma Mwisenge, Musoma, umbali wa kilometa zipatazo 40, na safari hiyo husimuliwa mpaka leo kuwa mfano wa ugumu wa elimu ya zamani. Mtoto asiyeona hutakiwa kufunga safari iliyo ndefu mara nyingi zaidi akiwa na miaka 6 au 7. Si ajabu kwamba mama husita, na mtoto hubaki nyumbani.

Jiografia ya wilaya hizi mbili inaelekeza kwenye njia nyingine. Tarime ni nchi ya vilima yenye vijiji vilivyosongamana kuelekea mpaka wa Kenya. Serengeti, makao makuu yake yakiwa Mugumu, ni pana na vijiji vyake vimetawanyika mpaka ukingoni mwa hifadhi. Katika kila wilaya ingefaa kuwe na shule moja ya msingi na moja ya sekondari zitakazokuwa vituo: ziwe na mwalimu aliyesomea elimu maalumu, kama wanaotoka Chuo cha Patandi mkoani Arusha, pamoja na mashine za kuandikia, karatasi za kutosha, na mtambo mmoja wa kuchapa wenye kompyuta. Kutoka kituoni hapo mwalimu huyo apewe pikipiki, azungukie shule za jirani ambako watoto wasioona wanasoma pamoja na wenzao. Bweni libaki kwa wale ambao kweli hawana njia nyingine.

Itasemwa kwamba fedha hazitoshi. Ni kweli kwamba mashine moja ya nukta nundu hugharimu mamia ya dola, na karatasi zake ni ghali. Lakini wilaya hizi si maskini wa vyanzo. Tarime ina mgodi wa dhahabu wa North Mara huko Nyamongo. Na Sheria ya Madini, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa huduma kwa jamii unaokubaliwa na halmashauri. Serengeti inapakana na hifadhi inayovuta wageni wa dunia nzima. Madiwani wanapokaa kupanga madarasa na zahanati zitakazojengwa, si neno kubwa kuongeza mstari mmoja wa mashine, karatasi na mafunzo ya walimu. Idadi ya watoto wanaohusika katika wilaya moja si kubwa kiasi cha kutisha bajeti. Na kwa kuwa si kubwa, ni rahisi kuwasahau.

Kuwahesabu kwenyewe ndiyo kazi ya kwanza. Walimu wakuu, watendaji wa vijiji na wauguzi wa kliniki wakishirikiana, wanaweza kupita kaya kwa kaya na kuandika jina la kila mtoto asiyeona au mwenye uoni hafifu, aliye shuleni na asiye shuleni. Mtoto ambaye hayumo katika orodha hakatiwi karatasi wala hachapiwi mtihani. Baraza la Mitihani huandaa mitihani ya nukta nundu na kuwaongezea muda watahiniwa wasioona. Lakini huweza kufanya hivyo kwa wale tu walioandikishwa kwa mahitaji yao.

Kwa walimu na wanafunzi wa sekondari kazi zipo ambazo hazingoji fedha za mtu. Klabu ya sayansi inaweza kujifunza herufi za nukta nundu katika muhula mmoja, ikatengeneza mbao za mashimo sita kwa ajili ya shule za msingi za jirani, na ikachora ramani na michoro ya kupapaswa. Mwalimu wa darasa anaweza kutamka kwa sauti kila anachokiandika ubaoni, badala ya kusema "hii" na "ile" huku akinyoosha kidole. Mkuu wa shule anaweza, siku ya kwanza ya muhula, kuhesabu vitabu alivyo navyo mwanafunzi anayeona, kisha ahesabu alivyo navyo mwanafunzi asiyeona wa darasa hilohilo. Tofauti atakayoipata aiandike kwa tarakimu katika taarifa yake kwa Afisa Elimu wa wilaya, muhula hadi muhula, mpaka tarakimu hiyo iwe sifuri.